Goti Lisilokuwa na Kosa

Siku yangu ya kwanza kazini katika hospitali ya Lodwar, mkuu wa idara ya eksirei hakunionyesha hata choo kilipo. Alinipa fomu akasema, "Piga kilichoandikwa. Wewe si daktari." Nami mjinga nikalishika neno hilo miaka na miaka, hata nilipohamishiwa Kakuma.

Huko Kakuma mama mmoja, Akai, aliniletea bintiye Nakiru, anachechemea. Fomu ilisema goti, nikapiga goti. Picha safi. Akai akauliza ugonjwa uko wapi, nami kwa haraka zangu nikamgusa mtoto gotini nikamwambia uko hapa, ila hauonekani. Afisa wa kliniki, mkubwa wetu, akaandika dawa ya maumivu, akaongeza kwamba mtoto anadeka. Anadeka! Mtoto ambaye usiku halali mpaka ameze dawa, huyo anadeka?

Walirudi tena na tena, miaka mitatu. Fomu, goti. Fomu, goti. Safari moja goti likaja na makovu matatu: mganga wa kwao alikuwa amelichoma kwa chuma cha moto, maana wazee huchoma pale panapouma. Mkubwa wetu akawagombeza. Mimi nikapiga goti lilelile tena, na aibu yake ninayo hadi leo.

Niliporudishwa Lodwar, tulikuwa na skani, mashine inayoonyesha hadi ndani ya mfupa, na daktari wa mifupa alikuwa akija kwa zamu kutoka Eldoret. Nikamwita Akai. Daktari hakuitazama fomu. Alilizungusha paja la Nakiru, mtoto akalia, naye daktari akaniagiza nipige nyonga kwa skani. Tukakiona: kivimbe kama punje ya mtama ndani ya mfupa wa paja, juu kabisa. Si saratani. Maumivu ya nyonga, alisema, mara nyingi husikika gotini. Mtoto angelazwa kwa dawa ya usingizi, sindano ipitishwe hadi kwenye kivimbe, ncha yake ipate moto na kukiua. Hakuna kupasua.

Akai aliposikia moto, alimshika mwanawe mkono wakatoka. Daktari akasema watu hawa ni wagumu. Wagumu! Nilitoka bila kuaga, nikamkuta mama langoni.

"Mama, mganga alichoma pale nilipokuonyesha mimi," nikamwambia. "Aliyekosea ni mimi."

Akamvuta mtoto karibu naye. "Na wewe utakuwa ndani?"

"Nitakuwa ndani."

Asubuhi baada ya matibabu nilimkuta Akai kando ya kitanda, macho mekundu. Mtoto alikuwa amelala usiku kucha bila kuomba dawa, naye mama akadhani amekufa, akakesha akimwekea kiganja puani. Nikafungua bandeji aone kidonda. Katundu kadogo tu.

Sasa nimestaafu, na vijana mnaoshika mashine hizi huniuliza kazi ilikuwaje. Mimi huwapa swali la Akai tu, la asubuhi ile. Alikiangalia kile kidonda, akanigeukia.

"Ni hii tu? Sasa miaka tatu mlikuwa mnangoja nini?"