Kaka Yangu, Mtetezi wa Mashujaa wa Kike

Kwenye kundi letu la WhatsApp la wapenzi wa sinema, mtetezi mkubwa wa wanawake alikuwa kaka yangu. Ndiye aliyelianzisha, na wote walimwita Mwenyekiti.

Jumamosi moja ya masika tulibishana kuhusu sinema ya mwanamke anayeruka angani na kuinua lori kwa mkono mmoja.

"Mnatuharibia sinema. Shujaa ni mwanaume, basi."

"Mwanamke ainue lori? Mke wangu mtungi wa gesi tu ananisubiri mimi."

"Mambo ya Beijing hayo, ya haki sawa."

Nikaandika: "Na wanaume wanaoruka angani mliwaona wapi, stendi ya Kikatiti?" Wakacheka, wakaniita mwanaharakati, kisha mmoja akauliza kama nimeolewa. Swali hilo huja kila wanapoishiwa hoja.

Hapo Mwenyekiti akaingia na aya tatu ndefu. Ninazo hadi leo, maana huwa nahifadhi vitu. Aliandika kwamba tatizo si nguvu za mwanamke bali woga wa mwanaume, na kwamba jamii inayomnyima binti haki yake inajiibia yenyewe. Makofi yakamiminika. "Dada, una bahati ya kaka," mtu akaniandikia. Niliamini.

Wiki iliyofuata ukoo ulikaa kijijini kwetu Nkoaranga kugawa shamba la marehemu baba. Miaka yote ya ugonjwa wake mimi ndiye niliyekuwa natoka kwangu Sakina kila mwisho wa wiki kupogoa kahawa na kukatia ng'ombe majani, kaka akiwa na shughuli zake mjini. Baba alikuwa ametamka, mama akisikia, kwamba kipande cha chini, kando ya mfereji, ni changu.

Baba mdogo ndiye aliyeongoza kikao. "Shamba ni la wa kiume," alisema. "Binti kwake ni kwa mumewe."

"Kwangu wapi, baba mdogo? Sijaolewa."

"Utaolewa tu. Au umeapa?"

Wazee wakacheka. Nikamtazama kaka. Sentensi moja tu ya zile aya tatu ingenitosha. Akageuza simu yake mkononi, akasema, "Mimi naheshimu taratibu za ukoo." Kipande cha mferejini kikaongezwa kwenye fungu lake.

Yule wa mtungi wa gesi sikuwahi kumchukia. Alisema wazi anachoamini, nami nilijua amesimama wapi. Huyu wangu alikuwa amevuna makofi kwa maneno ambayo hayakuwahi kumgharimu chochote.

Niliporudi Sakina nilizirusha kundini aya zake zilezile, na chini yake nikaandika: "Aliyeandika haya amekabidhiwa sehemu yangu ya shamba la baba, akapokea."

Kundi likawaka, lakini si kwa ajili yangu.

"Mambo ya familia hayaletwi huku."

"Umemvunjia kaka yako heshima."

"Sasa shamba na sinema wapi na wapi?"

Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama ni kweli. Kufumba na kufumbua ujumbe wangu ulikuwa umefutwa, nami nimetolewa kundini.

Siku chache baadaye mama akaniita nyumbani. Nilimkuta kaka sebuleni na baba mdogo, kaka ameshika mkononi jani la isale lililofungwa fundo. Kwetu, anayekuletea isale anaomba msamaha, nawe hukatai. Ukikataa, kosa linakuhamia wewe.

Niliwaamkia. Kaka akasimama. "Mdogo wangu, nisamehe kwa kukutoa kundini."

Akaninyooshea lile jani.

"Na shamba?"

"Hilo wazee walishaamua."

Jani ambalo mababu walilitumia kumaliza uhasama wa damu, yeye kaja nalo kwa ajili ya kundi la sinema, ili nikishalipokea ninyamaze hata kuhusu shamba.

"Pokea, mwanangu," mama akanisihi. "Usituaibishe."

Nikalipokea. "La kundi nimekusamehe. La shamba hujaniomba, sijalisamehe."

"Isale halikatwi vipande," baba mdogo akafoka.

"Mbona shamba la baba mmelikata, nikakosa?"

Nikamgeukia mama. "Mama, baba alisema nini kuhusu kipande cha mferejini?"

Mama alikunja kanga magotini, akaikunjua. Kaka akasema haraka, "Mama asiingizwe." Nikarudia swali, kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia mbele ya mama.

"Alisema ni chako," mama akajibu, bila kumtazama yeyote.

Baba mdogo akachukua kofia yake akatoka. Kaka akamfuata.

Jumatatu nilipeleka malalamiko kwenye baraza la ardhi la kata. Siku ya shauri mama alikuja kutoa ushahidi. Aliketi kwenye benchi pembeni yangu, bado amenikasirikia, na tulipoitwa ndani akatangulia.