Jiko Chini ya Kitanda cha Mzazi

Kuna asubuhi moja ya kijijini kwetu Kwashemshi naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi mlangoni. Dada yangu Halima alikuwa na siku ya nne tangu ajifungue mtoto wa kike, na mimi, msichana wa miaka kumi na saba, ndiye niliyepewa kazi ya kumkanda na kumtunza.

Kwetu milimani mzazi hakuachwa apigwe na baridi. Jiko la mkaa liliwekwa chini ya kitanda cha kamba, dirisha likafungwa. Mimi sikutosheka. Nikaziba kila upenyo kwa khanga kuukuu, nikajiona hodari kweli. Na usidhani nilikuwa mzembe, maana jiko nililipepea kwanza nje mpaka mkaa ukaiva na moshi ukaisha. Moshi ukiisha, tulijua hatari imeisha.

Halima akalalamika kichwa. Mama akasema ni uchovu wa uzazi, mpe supu. Nikampa supu ya kuku, nikampa uji wa pilipili manga, lakini nguvu hazikuja. Akazidi kulegea.

"Nifungulie dirisha," aliniambia.

Nikamjibu asinifundishe kazi. Hayo ndiyo maneno yangu, na sijajisamehe mpaka leo.

Niliporudi kutoka kuchota maji nilimkuta hajitambui, mtoto ametulia kifuani pake. Nikapiga kelele, majirani wakaja wakawatoa nje. Halima alizinduka polepole. Mtoto hakuzinduka.

Nesi wa zahanati alipofika alilitazama jiko, akaziangalia khanga, akauliza nani aliziba. Nikasema ni mimi. Hakunibembeleza.

"Ulimlisha vizuri," akasema, "lakini chakula bila hewa hakiwi nguvu."

Akanieleza palepale uani. Mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, na ndani ya kila seli chakula hukutana na oksijeni ndipo nguvu ipatikane, ya moyo kupiga, ya mtoto kunyonya. Oksijeni hiyo huchukuliwa na damu kutoka mapafuni. Mkaa unaowaka chumbani hutoa hewa nyingine ya sumu, haina rangi wala harufu, nayo huwahi kukaa kwenye damu mahali pa oksijeni na haikubali kubanduka upesi. Damu inazunguka kama kawaida, ila seli zinakosa oksijeni. Supu yangu ilikuwemo tumboni, haina kazi.

Nyumbani walisema ni kudra ya Mungu. Nami nikanyamaza, kwa sababu kunyamaza kulinifaa. Huo ulikuwa woga, na woga huo ndio unaonichoma leo.

Juzi nimeshuka Korogwe kumwona mkaza mwanangu, Zuhura, aliyejifungua. Korogwe, mji ambao mtu hutokwa jasho akiwa amekaa tu! Nikakuta dirisha limezibwa blanketi, jiko liko chini ya kitanda, na Zuhura anashika kichwa. Mwanangu Shabani, mumewe, ananiambia, "Mama, mkaa umeiva, hauna moshi." Nililibeba jiko mwenyewe nikalitupa uani, nikang'oa blanketi, nikamtukana kwa Kishambaa mbele ya wakwe zake. Kisha nikaketi nikawasimulia habari za Halima, neno kwa neno, jambo nililopaswa kufanya zamani. Mchana ule ule tukawapeleka mama na mtoto hospitali. Wako salama.

Basi nisikie, mwanangu. Mzazi mfunike blanketi, mvishe soksi, mkande kwa maji ya moto, lakini jiko likae nje. Dirisha lipitishe hewa. Mtu akiumwa kichwa chumbani mwenye jiko, mtoe nje kwanza, mkimbize hospitali, supu baadaye. Na mgonjwa akikuomba hewa, usimwonyeshe ujuzi wako.

Mungu akubariki wewe na nyumba yako. Na huyo mjukuu wangu wa Korogwe apumue vema, anyonye ashibe, akue, aje anizike mimi.