Rangi ya Mishumaa Kwenye Samli

Kuna siku moja ya kiangazi haijanitoka kichwani, mwanangu, na kwa kuwa umeanza kutengeneza mishumaa pale Bariadi, acha nikusimulie kabla hujafungua makopo yako ya rangi.

Nilikuwa na mwaka wa pili tangu niolewe hapa Ngulyati, nikijiona fundi wa kila kitu. Akina mama wa kanisani tulitengeneza mishumaa, na mtunza rangi nilikuwa mimi. Rangi ya nguo tulishaijaribu, ikazama chini ya nta kama mchanga. Ile inataka maji. Ya mishumaa inayeyuka kwenye mafuta, sawa na ile ya dawa ya viatu. Ya mbao nayo tuliichanganya na spiriti. Hayo yote niliyajua, na ujuzi huo ndio ulionipa kiburi.

Basi wifi yangu akajifungua, nikapewa kazi ya kumtengenezea samli ya kutia kwenye uji. Kiangazi ng'ombe hawapati majani mabichi, samli ikatoka nyeupe. Nikaona aibu. Nikachovya kijiti kwenye kopo la rangi ya njano, nikakoroga. Ikang'aa! Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Mama mkwe aliingia, akaona vidole vyangu vya njano.

"Nenda kanawe."

Nikanawa kwa sabuni, wapi! Akachota mafuta ya pamba, akanisugua. Njano yote ikahamia mikononi mwake.

"Hii rangi ya wapi?"

"Ya mishumaa, mayu," nikamjibu, yaani mama kwa Kisukuma.

"Mzazi ameshakula?"

"Bado, mayu."

Akaketi chini palepale. Nilidhani atanirudisha kwetu Lalago. Akasema polepole, "Rangi hii si ya kuliwa. Kila mtu anajua kiangazi samli huwa nyeupe. Wewe ulikuwa unamficha nani? Na kile kichanga kinachonyonya, hukukifikiria?"

Tuliifukia samli yote. Wifi akanywa uji mtupu siku nyingi, na ni mimi niliyempelekea, nikamweleza kwa kinywa changu sababu. Ile aibu ninayo mpaka leo.

Sikukatazi rangi, mwanangu. Mshumaa mwekundu unapendeza. Ila kabla ya kufungua kopo uliza limetengenezewa nini, lisikae jikoni, na kijiti chake kisiguse chungu. Ukipika chakula kikatoka cheupe, mpe mtu hivyohivyo cheupe.

Nenda kafanye kazi. Mungu aibariki mikono yako, na kila jioni itakate, umshike mtoto wako bila hofu.