Shahidi Kutoka Sayari ya Mbali

Harufu ya makuti yaliyolowekwa hunirudisha kijijini kwetu Shika Adabu mpaka leo. Ni harufu nzito ya majani na maji yaliyolala, na wakati wa likizo ya Aprili ilijaa uani kwetu, kwa kuwa kila mwenye paa bovu alitaka kuezeka kabla mvua haijakolea. Bibi, mama na mama mdogo Halima walikaa mkekani wakishona. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili na maringo ya kujua Kiingereza, na makuti niliyoshona yalifumuka yakiguswa tu, basi nikapewa kazi ya kuwasomea. Kitabu kilikuwa kimoja. Halima alifua mashuka katika hoteli moja ya Shelly Beach, na mgeni mmoja alikiacha chumbani, kimevimba kwa maji, hakina jalada, kinanuka mafuta ya kujipaka juani.

Kilikuwa kitabu cha zamani, hadithi ya chombo kinachosafiri baina ya nyota, na nahodha wake alikuwa mwanamke mweusi. Nilirudia sentensi hiyo mara tatu kabla ya kuitafsiri, maana kwenye televisheni ya jirani sikuwahi kuona kitu kama hicho. Nahodha huyo alitua kwenye sayari yenye miezi miwili, ambako nyumba ni ya mama, mtoto huitwa kwa ukoo wa mama, na shamba la mtu hurithiwa na watoto wa dada yake. Niliinua macho nikingoja washangae. Bibi alikaza kamba kwa meno, akasema, "Ndiyo hiyo nyota yako? Mbona hayo ni yetu sisi Wadigo? Hili shamba mimi nalipata kwa mjomba wangu." Kusema kweli niliudhika. Nilidhani nimewaletea mambo ya kesho, kumbe kwa Bibi yalikuwa ya utotoni.

Lakini mwezi ule nyumba yetu ilikuwa na hofu. Halima alikuwa ameachwa miaka mitatu nyuma, akarudi kwetu na binti yake Riziki. Sasa Riziki alikuwa ametimia miaka saba, umri ambao wengi husema mtoto ni wa baba, na jamaa za babake walioko Kisauni walituma habari kwamba wanakuja kumchukua. Nililala naye kitanda kimoja, nikamsuka nywele, nikamfundisha kuandika jina lake. Kila nilipofikiria kitanda kile bila yeye, nilimsogeza karibu.

Walikuja Jumamosi baada ya alasiri, wanaume watatu, wakiongozwa na Mzee Bakari, ami yake babake Riziki. Walikuwa watu wa adabu, na hilo ndilo lililotutisha zaidi. Riziki aliambiwa akae chumbani, tulimsikia akikohoa. Baada ya kahawa, Mzee Bakari akasema taratibu, "Dada yangu, mtoto ametimia saba. Tumekuja kumchukua kwa wema."

"Wema nauona," Bibi akajibu. "Lakini kwetu sisi mtoto alihesabiwa kwa mamake tangu enzi za wazee wetu."

"Hayo yashapita, dada."

"Yashapita? Mwanamisi!"

"Abee, Bibi," nikaitika.

"Lete kile kitabu uwasomee. Hata Wazungu wameyaandika!"

Nikakileta. Kwa Bibi, kilichopigwa chapa kilikuwa kweli, na mimi peke yangu uani pale ndiye niliyejua vizuri kwamba shahidi wetu ametungwa. Nikasoma. Nyota niliziacha, chombo nikakiacha, na miezi yote miwili nikaificha. Nilisoma desturi tu, kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Kisha nikafika mahali paliposema kwamba mtoto akishapata akili husimamishwa kati ya nyumba mbili, akasema mwenyewe atakaa wapi, na hakuna mkubwa anayeruhusiwa kusema kabla yake. Hayo niliyasoma kimoyomoyo, nikafunga kitabu. "Imeishia hapo," nikasema.

"Ni nchi gani hiyo?" akauliza Mzee Bakari.

"Ni mbali."

"Ng'ambo?"

"Kupita ng'ambo, babu."

Alicheka mpaka kofia ikamwinama. "Mamangu naye alikuwa na maneno hayo hayo, kwamba mtoto ni wa mama," akasema. "Basi na akae. Likizo atakuja kwetu." Halima alilia kwa furaha, na mimi nilijiona shujaa kwa miaka mingi.

Siku hizi binti zangu hutazama manahodha wanawake kwenye simu bila hata kushtuka. Vijana huniambia vile vitabu vya zamani vya nyota vilitangulia wakati wake, nami hucheka, kwa sababu Bibi angesema vilichelewa. Idi iliyopita, tukimenya vitunguu jikoni kwangu, nilimsimulia Riziki kisa hiki kama kichekesho. Alicheka sana, mpaka nilipofika kwenye maneno niliyoyaficha, ya mtoto kujichagulia pa kukaa. Akaweka kisu chini.

"Nilikuwa nimeshafunga nguo zangu kwenye leso," akasema. "Nilitaka kwenda kwa baba."

Nilimwomba radhi, na machozi yangu hayakuwa ya vitunguu. Hakunilaumu. Aliosha mikono, akamwita binti yake, ambaye naye sasa ana miaka saba, akamuuliza angependa kulala wapi leo, kwangu au kwao. Mtoto akaanza kufikiri. Nilitamani sana alale kwangu, na maneno ya kumshawishi yalikuwa tayari mdomoni. Nikayameza, nikangoja aseme.