Shamba Lililoshibishwa na Majirani

Mzee Tomezo Orihara alikuwa mtu wa kusalimia mimea kabla ya kusalimia watu, na kijiji kizima kilikuwa kimeshamzoea. Siku aliporudi kutoka hospitali, nyonga ikiwa imetiwa chuma, hakutaka hata kufikishwa nyumbani kwanza. Alimwambia binti yake Chizuru asimamishe gari kando ya shamba, akateremka na mkongojo wake, akafungua lango la ua wa waya na kuingia kwenye bangi.

Ndiyo, bangi, wala msinitolee macho. Kule milimani huilima kwa kibali cha serikali, na mbegu yao hailewishi hata panzi. Wanachokitaka ni nyuzi. Bua likikatwa, likachovywa maji ya moto, likaanikwa na kukwanguliwa, hutoa nyuzi za kung'aa ambazo hekalu husokotea kamba zake, na wenye posa hufungia posa zao.

Na posa ndiyo iliyokuwa ikimnyima Mzee Tomezo usingizi kule wodini kuliko nyonga. Chizuru alikuwa amevuka arobaini. Watu walimwuliza ataolewa lini mpaka wakachoka wao wenyewe kuuliza. Sasa, bila kelele, alikuwa amejipatia mchumba, fundi wa lifti, mpole, mwenye masikio makubwa. Posa ingeletwa majira ya vuli, na katika vitu vya posa huwamo fungu la nyuzi nyeupe za bangi, mfano wa mvi, kuwaombea wawili wale wazeeke pamoja hadi vichwa viwe vyeupe. Mzee alikuwa amewatolea nyuzi hizo maharusi wa bonde zima. Huyu mmoja wa kwake aolewe kwa nyuzi za dukani? Mkwe mtarajiwa alikuwa amekubali kwa furaha kwamba fungu litoke shambani kwa baba mkwe. Lakini lilikuwa ni la mwaka huu au basi, kwa sababu daktari alikwishamwambia kwamba nyonga ile hailimi tena.

Alipolazwa, mimea ilimfika magotini. Sasa ilimpita kichwa. Alifurahi kidogo tu, kisha furaha ikamwishia, kwa maana urefu ule haukuwa wa haki.

Akashika jani la kwanza. Lilikuwa la kijani kizito kinachokaribia weusi, linang'aa kama lililopakwa mafuta, na ncha zake zimekunjika kuelekea chini kama kucha za mwewe. Mmea ukiwa hivyo umevimbiwa. Umekula samadi kali kupita kiasi, na samadi kali kuliko zote ni ya kuku. Kijijini mwenye kuku alikuwa mmoja tu, Bi Hatsue wa nyumba ya chini.

Akasogea katikati ya shamba. Huko majani ya chini yalikuwa yamefanya manjano baina ya mishipa, mishipa yenyewe ikibaki kijani. Asiyejua angesema hii ni njaa, na angeongeza mbolea. Ni njaa kweli, ila ni ya mtu aliyekaa mbele ya sinia huku mdomo umezibwa. Jivu likizidi ardhini, mmea hauwezi kunyonya magnesiamu hata kama imejaa tele. Na mtu aliyebaki akichemsha maji ya kuoga kwa kuni, mwenye jivu la kumwaga kila wiki, ni Kuwabara, karani mstaafu wa reli.

Upande wa barabara kingo za majani zilikuwa zimebabuka, kahawia na kavu. Hiyo ni chumvi ya mbolea ya dukani ikirundikwa bila kipimo. Mzee aliinama kwa taabu akaokota chembe nyeupe ambazo hazijayeyuka. Hizo, bila shaka, zilitoka kwa Nagumo, kuhani wa hekalu, mtu mwema ambaye hakuwahi kulima hata kitunguu.

Kosa kama lile lisingetokea mahali pengine popote. Kijijini kule zawadi ina mkia. Ukiletewa tikiti, lazima urudishe kitu kinachokaribia tikiti, na mgonjwa akitoka hospitali hukuta deni la shukrani linamsubiri mlangoni, zito kuliko ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo mtu mwenye huruma ya kweli husaidia kwa kificho, asije akamtwika mwenzake mzigo wa kurudisha. Tenda wema nenda zako, wanasema wazee wetu, na majirani wa Mzee Tomezo walitenda na wakaenda zao, kila mmoja kwa alfajiri yake, kila mmoja akiamini ni yeye peke yake anayelihurumia shamba lililoachwa. Wazee wetu husema pia kwamba wema hauozi. Basi wazee hao hawakuwahi kulima bangi.

"Baba, kuna nini?" Chizuru aliuliza, maana mzee alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka.

"Wamenipenda," alisema. "Wote wamenipenda, na hakuna aliyemwambia mwenzake."

Wangeambiwaje? Jioni ile Bi Hatsue alipita mlangoni kumpa pole, akasema kama mtu asiye na habari kwamba bangi imenona mwaka huu, kisha akasubiri, macho yakimng'aa. Mzee akamjibu kuwa imenona sana, hajapata kuona. Kuwabara naye akaja, akasifu rangi ya majani. Nagumo akasema labda ni baraka. Mzee Tomezo aliitikia yote, moyo ukimuuma kwa mapenzi na kwa hasira kwa pamoja, na hakujua lipi limuume zaidi.

Dawa ilikuwa moja tu, nayo ni maji. Mvua za masika ya huko zilikuwa zimeanza, na mvua ikipita ardhini bila kutuama huondoka na kilichozidi. Akamwomba Chizuru azibue mifereji, naye akasimama juu ya mkongojo akielekeza na kugomba. Baada ya siku kadhaa majani machanga ya kileleni yalitoka na rangi nyepesi, ncha zimenyooka. Mzee aliyapapasa, akathubutu kutumaini.

Kisha ukaja upepo. Bua lililokula likavimbiwa huwa refu na laini, halina mfupa. Asubuhi yake shamba zima lilikuwa limelala chini, mabua yamepindana na kupondeka, yasiyofaa hata kufungia kuni. Mzee alisimama mlangoni mwa ua. Fungu la Chizuru lilikuwa limelala pale matopeni.

Majirani walifika mmoja mmoja, nyuso zimewashuka. Mzee aliwaambia ni upepo. Alilisema neno hilo kwa kila mmoja, upepo, upepo tu, mpaka akawa karibu kuliamini mwenyewe.

Ni Chizuru aliyeona. Kule juu kabisa, chini ya tuta linalopakana na nyumba ya Bi Yasuno, jirani wa juu, ukanda mwembamba wa mabua ulikuwa umesimama. Mzee alipanda kwa kupumzika mara kwa mara. Mabua yale yalikuwa membamba, marefu kwa kiasi, yamenyooka, majani ni ya kijani chepesi bila doa wala ncha iliyokunjika. Ilikuwa bangi yake hasa, kama alivyoijua tangu ujana. Wema wa watu ulikuwa haujafika huko.

"Kule hatukufika," Bi Hatsue alisema kwa sauti ya chini, kisha akagutuka kwamba amejifichua mwenyewe. Kwa kuwa lilikuwa limemtoka, akamalizia. Alipofika huko na ndoo ya samadi, Yasuno alikuwa amekaa kwenye tuta na jembe la palizi mkononi, akamfukuza. Kuwabara aliyekuwa karibu akasema loo, hata yeye alifukuzwa, kisha akaongeza: "Roho mbaya ile, Tomezo-san. Mtu amelazwa, jirani hataki hata asaidiwe."

Mzee Tomezo alitazama juu kwenye tuta. Yeye na Bi Yasuno walikuwa hawasemezani isipokuwa habari za mvua na jua, na alijua kwa nini. Miaka ya nyuma Yasuno naye alikuwa mkulima wa bangi. Mwaka mmoja alizileta nyuzi zake ukumbini, kwenye upimaji wa nyuzi za wakulima wote, nazo zilikuwa nyeusi, nene, zimejaa madoa. Tomezo alizinyanyua juu watu wazione, akasema, "Hizi si nyuzi, huu ni mkia wa farasi." Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Aliombwa utani ule na kuurudia kwenye vikao vya pombe miaka na miaka. Yasuno alirudisha kibali chake msimu uliofuata.

Mzee alichukua boksi la keki za maharage matamu kumpelekea Yasuno. Alipofika mlangoni pake mwenyewe akalirudisha kabatini, kwa maana keki hurudishiwa chai, na chai hurudishiwa tikiti, na jambo huishia hapo. Alipanda mikono mitupu.

Bi Yasuno alikuwa uani, anaanika matunda ya ume, plamu chachu, yaliyotoka kwenye chumvi, akiyageuza moja moja. Hakusimama.

"Umepanda mlima na nyonga ya chuma," alisema. "Ukianguka hapa watasema nimekusukuma."

"Uliwafukuza wenye ndoo."

"Niliwafukuza."

"Kwa nini?"

"Niliziona ncha za majani ya huko chini, zinakunjika. Nikasema huu upande hawaugusi." Aligeuza tunda jingine. "Zile ncha nazijua."

Mzee alishika mkongojo kwa mikono miwili. Alisema kwamba siku ile ukumbini alitamka neno ambalo hakupaswa kulitamka.

"Mume wangu alikuwa kitandani mwaka ule," Yasuno alisema, kana kwamba hakusikia. "Mimi natia mbolea asubuhi. Yeye, nikienda dukani, anatambaa mpaka shambani anatia tena. Hakutaka nijue. Anipunguzie kazi, eti. Nilikuja kumkuta siku moja ameinama na kopo, pumzi hana. Zile nyuzi ndiyo kazi yake ya mwisho, ndiyo maana nikazileta ukumbini. Nilijua ni mbaya. Nilitaka tu zikae na za wengine."

Jua lilikuwa kali. Mzee Tomezo hakuwa na pa kuweka macho yake.

"Sikujua," alisema.

"Hukuuliza."

Alijaribu kupiga magoti. Nyonga ikakataa katikati, na Yasuno akamwambia aache, nani atamwinua. Basi akainama vile vile amesimama, akakaa hivyo muda mrefu mpaka mwanamke yule aliposema inatosha, atapata kizunguzungu.

"Bado unazo?" mzee aliuliza.

"Nini?"

"Nyuzi zake."

Bi Yasuno alimtazama kwa mara ya kwanza. Akainuka, akaingia ndani, akakawia. Alirudi na kifurushi cha karatasi ya zamani na kukifungua kwenye meza ya uani. Zilikuwa nyeusi, nene na ngumu, kama zilivyokuwa. Mzee alizinyanyua juu, akazielekeza kwenye jua na kuzitazama uzi kwa uzi, kama alivyotakiwa azitazame siku ile.

Alisema kwamba ule ukanda wa juu utatoa fungu la Chizuru, jeupe, la kutosha. Ila fungu lazima lifungwe kiunoni lisisambaratike, na nyuzi zake mwenyewe ni laini mno kwa kufungia. Angependa lifungwe na hizi, kama Yasuno-san ataridhia, ili binti yake azeeke na mtu wa namna ya mume yule.

Bi Yasuno alirudi kwenye matunda yake. Aligeuza moja, akageuza la pili, akajifuta uso kwa kiwiko kwa sababu vidole vilikuwa na chumvi.

"Mkasi uko pale dirishani," alisema. "Usikate nyingi."