Garnet Ducharme na Kilomita Arobaini na Tano

Kijijini kwetu Wabowden, kaskazini mwa Manitoba, Garnet Ducharme hakuwa mtu wa maneno mengi isipokuwa ukimuuliza habari za gari lake. Hapo ungelijuta. Lilikuwa gari dogo jekundu la Kijapani, la zamani, ambalo alilinunua likiwa limeoza milango, akaling'oa injini na kuifungia turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa ipate nguvu, kwa mikono yake mwenyewe. Mabomba aliyachomelea nyuma ya nyumba. Lilipokuwa likipanda kasi lilipiga mluzi uliosikika mpaka kituo cha reli, na mbwa wote wa kijiji walilijibu.

Alikuwa na miaka arobaini na minne, mke alikwisha ondoka, watoto hakujaliwa. Aliishi na baba yake, mzee Alphonse, aliyefanya kazi ya reli miaka thelathini na mmoja, na kutega wanyama msituni kabla na baada ya hapo. Mimi nilikuwa jirani yao, na kazi yangu ni kuendesha gari la kusukuma theluji barabarani, kwa hiyo niliwajua kwa sauti za asubuhi. Mzee alikuwa akikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa gerejini, chai mkononi, akimchokoza mwanawe.

"Kijana, hilo birika lako limeshachemka?"

"Turbo, Baba. Si birika."

"Linapiga mluzi, linatoa mvuke, halina chai. Birika bovu."

Lakini ni yeye aliyekuwa akimpa spana kabla hajaombwa, tena ile ile iliyotakiwa. Na kiangazi kimoja alikubali kupandishwa. Waliporudi alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili, machozi ya kicheko yanamtoka. Alinisogelea uani akaninong'oneza, "Hector, usimwambie, lakini limeiacha roho yangu kule darajani."

Vuli ile Garnet alibadilisha kitu kimoja kidogo. Injini ina bomba la kupumulia, na mvuke wa oili ulikuwa ukiingia kwenye turbo na kuichafua. Akalichomoa bomba hilo, akalielekeza chini, likawa linaning'inia kwenye upepo. Mzee aliinama kwa shida akalitazama.

"Baridi ikija, hili litaganda."

"Nitalifunga na kitambaa, Baba."

"Lini?"

"Kabla ya theluji."

Theluji ilikuja na Garnet hakulifunga. Kwanza zilikuja zamu za ziada kazini, halafu Januari mzee akaanza kukohoa kohozi lisiloisha, akapelekwa hospitali Thompson, kilomita mia na tano kutoka kwetu. Dada mkubwa wa Garnet, Yvette, akachukua pikapu ya Garnet ili alale huko karibu na mzee. Garnet alibaki na gari jekundu. Alikuwa akilitumia kwenda kazini, kilomita mbili tu, na halikumletea shida.

Siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, Yvette alimpigia simu.

"Garnet, njoo. Njoo sasa hivi."

"Vipi, dada?"

"Daktari amesema tukusanyike. Na Baba anakuulizia."

Baridi ilikuwa nyuzi arobaini na nne chini ya sifuri. Baridi ya namna hiyo ukimwaga maji yanaanguka chini yakiwa mawe, na oili kwenye injini inakuwa nzito kama asali ya mwisho wa chupa. Garnet alijua kwamba turbo ikiwashwa na kukimbizwa kabla oili haijalainika, inakufa. Aliliwasha, akalifunika boneti kwa blanketi, akasimama pembeni akihesabu dakika huku amekunja ngumi mifukoni. Alinisimulia baadaye kwamba hazijapata kuwapo dakika ndefu kama zile. Alisubiri dakika arobaini, kisha akaondoka.

Alianza taratibu. Injini iliposhika joto, akaongeza. Hewa ya baridi ni nzito, na turbo inaipenda; gari lilikwenda kama halijawahi kwenda, alisema, na kwa muda mfupi aliamini kwamba atawahi. Kumbe bomba lile la kupumulia lilikuwa limejaa mvuke uliogeuka barafu. Injini ikakosa pa kutolea pumzi. Ikavimba ndani kwa ndani, ikatapika oili yote kupitia tundu la kijiti cha kuipimia na kila mpira wa kuziba uliokuwa dhaifu. Aliona kioo cha mbele kimepakwa weusi, akasikia mlio wa chuma kikisaga chuma, kisha kimya. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Zilibaki kilomita arobaini na tano.

Simu haishiki mahali pale. Alikaa ndani ya gari na mshumaa kwenye kopo wa kutia joto, kama sote tulivyofundishwa tangu utotoni, na hakupita mtu.

Mimi nilimkuta saa sita kamili. Nilikuwa natoka Thompson, nikaliona jekundu kwenye weupe. Alikuwa amesimama barabarani, nyusi zimeota barafu.

"We Garnet! Unataka kufa? Ingia!"

"Nipeleke Thompson, Hector."

"Nakupeleka nyumbani, ndiko niendako. Thompson kuna nini leo?"

"Baba."

Kuligeuza gari langu kwenye barabara ile nyembamba si kazi ndogo, lakini niliinua jembe la theluji la mbele, nikaligeuza, nikakanyaga. Tatizo ni kwamba halizidi kilomita sitini kwa saa hata ulichape fimbo. Garnet alikaa mikono imekaza magotini. Kisha akasema, "Aliniambia."

"Alikuambia nini?"

"Lile bomba. Aliniambia litaganda."

"Tazama mbele, ndugu yangu. Tunafika."

"Haliendi zaidi ya hapa?"

"Haliendi."

Tulifika saa saba kasorobo. Yvette alikuwa kwenye korido, mgongo umeegemea ukuta, koti amelivaa kama mtu anayeondoka. Alipomwona ndugu yake hakusogea.

"Amekwenda," akasema. "Nusu saa iliyopita."

Garnet aliutazama mlango wa chumba.

"Kijiji kizima kina magari," Yvette akaendelea, sauti ikipanda. "Ungegonga mlango wa mtu yeyote. Yeyote! Ungefika saa tano na nusu. Lakini wewe na hicho chuma chako!"

"Dada..."

"Usiniite dada."

Nilijisogeza kando. Kisha Yvette akafunika uso, na kwa sauti nyingine kabisa, ya chini, akasema, "Aliniuliza kama umeshatoka nyumbani. Nikamwambia uko njiani na gari lako. Akasema, 'Basi mwambie asilikimbize. Oili haijapata moto.' Hakusema tena neno."

Garnet aliteleza chini ya ukuta mpaka sakafuni. Nimeona watu wakilia. Yule hakulia, alitetemeka tu kama aliyekuwa bado barabarani.

Kwetu wakati wa baridi ardhi huwa jiwe, na kaburi halichimbwi mpaka moto uwashwe juu yake siku mbili au tatu. Vijana walijitolea zamu, Garnet akakataa. Aliukoka moto ule peke yake usiku na mchana, akilala kidogo ndani ya pikapu. Wanawake walimpelekea supu, ikaganda bakulini. Siku ya maziko Yvette alisimama upande mmoja wa kaburi, yeye upande wa pili.

Wiki iliyofuata nilimsaidia kulivuta gari mpaka uani. Alilifungua bomba lile kwa kisu, akatoa kipande cha barafu kisichozidi kidole gumba. Alikishika kiganjani bila glavu mpaka kikayeyuka, akajifuta kwenye suruali, akaingia ndani. Turbo aliifungua baadaye akampa jamaa mmoja wa Snow Lake. Mluzi haukusikika tena kijijini, na sijui kama mbwa waliuona upungufu huo, lakini mimi niliuona kila asubuhi.

Yvette na Garnet hawakusemezana miezi mitano. Wakikutana dukani, mmoja aliacha kikapu na kutoka.

Juni, theluji ilipokwisha na mbu wakatoka, nilikuwa nakata majani karibu na makaburi nikamwona Yvette amefika na kopo la rangi nyeupe, kwa ajili ya uzio wa kaburi la mzee. Garnet alikuwa tayari yuko pale, ananyoosha nguzo zilizoinamishwa na barafu. Nikangoja Yvette aondoke. Hakuondoka. Alipekua mkobani, akatoa brashi mbili.

Walipaka rangi, huyu huku, yule kule, bila neno, wakipiga mbu mashavuni na kujiachia alama nyeupe. Walipokutana kwenye kona ya mwisho, nilimsikia Yvette.

"Umekula leo?"

"Bado."

"Na jana?"

Garnet alimrudishia brashi. Yvette alifunika kopo la rangi, akaligonga kwa kiganja mpaka likakaza, akatangulia kwenye njia ya kurudi kijijini. Baada ya hatua chache alisimama, bila kugeuka, akamngoja.