Nani Alikuwa Anamlisha Baba Yangu?

Baba yangu nilimkuta shimoni, wakati kijiji kizima kinajua yuko Cancún anaponda raha na mwanamke wa mjini.

Subirini niwasimulie.

Naitwa Wilberth Cauich. Kwetu ni Meksiko, nyuma ya magofu ya wazee wetu Wamaya, na pembeni ya magofu kuna shimo takatifu, refu, lenye maji chini. Hakuna anayelichezea.

Mwaka ule mvua iligoma kabisa. Mahindi yakakauka hayajafika hata magotini. Mganga akasema tuombe mvua, na maombi yale yanataka maji ya shimoni ambayo hayajaguswa. Akanichagua mimi nishuke.

Baba mdogo Nazario akapinga. "Maji yamepungua mno, tuchote kwingine."

"We Nazario, tangu lini unamfundisha mganga kazi?" mzee mmoja akamkejeli. Watu wakacheka.

Nazario akashika kamba ya kunishushia.

Mganga akamwaga uji wa mahindi ukingoni, akaiomba ruhusa mizimu inayolimiliki shimo. Nikashuka.

Chini kulikuwa na jiwe pana ambalo sijawahi kuliona, limeachwa wazi na ukame. Juu yake kuna mifupa ya mtu.

"Baba mdogo! Huku kuna mifupa!"

"Ya kale hiyo! Iache, chota maji upande!"

Nilitaka kuiacha, haki ya Mungu. Lakini fuvu lilikuwa na jino la mbele lenye nyota ya dhahabu.

Jino lile la baba nalijua tangu nabebwa. Nililia humohumo shimoni kama mtoto mdogo.

Nilipotoka na lile jino na kuwaambia ni baba, baba mdogo alilia kuliko wote. "Kaka yangu jamani! Kumbe aliteleza!"

Nikamkumbatia. Ndiyo, nilimkumbatia.

Nyumbani nikamwekea mama lile jino kiganjani.

Mama yangu, Fidencia, alimlaani baba kila asubuhi tangu baba mdogo alipoleta habari za Cancún. Kila mwaka, siku ya kulisha roho za marehemu, meza yetu haikuwa na sahani ya baba. "Aliye hai hawekewi chakula," alisema mama. "Akale kwa hawara yake."

Sasa alilililia lile jino mpaka sauti ikamkauka. Halafu akanigeukia ghafla.

"Wilberth, ile siku ya kulisha roho, baba yako mdogo hutundika nini langoni?"

Kila nyumba hutundika chakula kidogo langoni, kwa ajili ya roho isiyo na wa kuikumbuka.

"Tamale," nikajibu, ule mkate wetu wa unga wa mahindi unaopikwa umefungwa majanini. "Haina pilipili, kaimwagia asali."

"Na hapa kijijini nani alikula tamale na asali?"

Ni baba peke yake. Pilipili ilimshinda baba, na kijiji kizima kilimcheka kwa asali yake hiyo.

Tukaenda. Tulimkuta Nazario amekaa mlangoni kwake. Mama hakupiga kelele.

"Shemeji, ulijuaje kwamba amekufa?"

Nazario akatazama chini. "Tuligombania mpaka wa shamba, pale karibu na shimo. Nikamsukuma. Baadaye akawa ananijia ndotoni, ana njaa. Nikawa namlisha anyamaze."

"Na Cancún?"

"Niliitunga. Ili msimtafute."

Mama akakaa chini kwenye vumbi. "Miaka yote mimi mkewe namlaani," akasema, "na aliyemuua ndiye anayempa chakula."

Nazario yuko jela. Mvua ilinyesha wiki ileile, na sikuifurahia hata kidogo.

Mwaka huu meza yetu ilikuwa na tamale yenye asali. Mama aliomba msamaha mbele yake mpaka mishumaa ikaisha.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Ndugu yangu unayesoma, ukiletewa habari kwamba mtu wako amekutupa, usianze kulaani. Muulize kwanza huyo aliyeileta: yeye alimwona wapi mara ya mwisho?